Chupa Tano, Sumu Ileile: Kisa cha Thripsi Waliokataa Kufa Bonde la Lukuledi

Mama mmoja mkulima wa vitunguu alinipigia simu asubuhi moja ya Agosti, kabla jua halijachomoza vizuri. Salamu zilikuwa fupi, na mama yule si mtu wa salamu fupi. "Bwana shamba, vidudu vimenishinda. Nimepuliza jana jioni, leo vinatembea kama hakijatokea kitu."

Nikampa jibu ambalo wengi wetu tunalo tayari mdomoni: labda mama umeuziwa dawa feki, jaribu duka jingine. Akajaribu duka jingine. Wiki iliyofuata akapiga tena, maneno yaleyale. Jibu langu lilimpotezea siku saba na pesa ya chupa moja, katika wakati ambao vitunguu vyake vilikuwa vinaanza kujaza. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua simu kama ile inapigwa kila kiangazi, na jibu linalotolewa ni lilelile nililolitoa mimi.

Bustani yake ipo bonde la Mto Lukuledi, upande wa Nyangao, mkoani Lindi. Ni robo ekari, imepakana na mikorosho upande mmoja na mto upande wa pili. Analima vitunguu maji kiangazi kwa hesabu iliyo wazi: vitunguu vingi vinavyouzwa Lindi, Mtwara na Masasi vinakuja na malori kutoka mikoa ya mbali, kwa hiyo mwenye vyake hapahapa Septemba na Oktoba anauzia mlangoni. Alipandikiza mwishoni mwa Juni. Nilipofika, miche ilikuwa na majani saba hadi nane na shingo zimeanza kunenepa. Mkulima yeyote wa vitunguu anajua kwamba hapo ndipo jani linapotakiwa lifanye kazi kuliko wakati wowote, na kila jani linaloharibika linapunguza ukubwa wa kitunguu chini.

Kwa mbali bustani ilionekana kama imemwagiwa majivu. Nilichuchumaa, nikashika mche mmoja na kupanua majani mawili ya katikati kwa vidole gumba. Pale chini, jani linapokumbatia jani, palikuwa kama pamenyunyiziwa unga wa njano. Kisha unga ukaanza kutembea.

Hao ndio thripsi wa vitunguu, Thrips tabaci kwa jina la kitaalamu. Mkubwa wake ana urefu wa milimita moja hivi, rangi kati ya njano na kahawia, na mabawa membamba yenye nywelenywele pembeni kama unyoya. Tunutu, yaani watoto wasio na mabawa, ni wa njano mpauko na ni wadogo zaidi. Wanakwaruza ngozi ya jani na kufyonza utomvu, na mahali walipofyonza hewa inaingia, ndiyo maana jani linapata mabaka ya rangi ya fedha. Juu ya mabaka kunakuwa na vitone vyeusi vya kinyesi. Nilihesabu kwenye miche 20 niliyoichukua huku na huku. Kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu cha kuamua kupuliza ni thripsi watatu kwa kila jani. Hapa miche mingi ilikuwa na zaidi ya 40, na huo ndio uliokuwa mwaka wake wa kupuliza kuliko miaka yote: mara 9 tangu mwanzo wa Julai.

Nikamwomba anionyeshe alichopuliza. Akaleta mfuko wa sandarusi wenye chupa tano alizokwishatumia, akazipanga kwenye tuta moja baada ya nyingine kama mtu anayetoa ushahidi. "Hii ya kwanza iliua vizuri. Hii ya pili iliua nusu. Hizi tatu, mwanangu, ni kama nilikuwa nawanywesha maji."

Majina makubwa ya mbele yalikuwa matano tofauti, na picha tano tofauti za wadudu na nyanya. Nikazigeuza na kusoma maandishi madogo yanayotaja sumu yenyewe iliyomo. Ya kwanza: saipamethrini. Ya pili: lamda-saihalothrini. Ya tatu: deltamethrini. Ya nne: profenofosi iliyochanganywa na saipamethrini. Ya tano: alfa-saipamethrini.

Zote tano zina pairethroidi ndani yake. Pairethroidi ni jamii ya sumu za kiwandani zilizotengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, haya yanayolimwa nyanda za juu kusini. Zinaua kwa njia moja, zinagusa sehemu moja ya mwili wa mdudu. Mdudu aliyezoea moja, nyingine haimpi taabu kubwa. Mama alikuwa amepitia chupa tano na hakuwahi kubadilisha dawa. Hata ile ya nne, yenye profenofosi ambayo ni jamii nyingine, nusu ya kazi yake ilikuwa imeshakufa kabla hajaifungua.

Alikuwa anachaguaje? Kwa rangi ya utepe ulio chini ya lebo. Alianza na chupa ya utepe wa bluu, aliposhindwa akahamia ya njano, akiamini amepanda daraja. Utepe ule unaeleza hatari ya sumu kwa binadamu: kijani ndiyo hatari ndogo, inafuata bluu, kisha njano, na nyekundu ndiyo kali kupita zote. Hauelezi inaua mdudu gani wala inamuuaje. Kwa hiyo alichokuwa anakipandisha ni hatari kwake yeye mwenyewe. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau: kwamba akipuliza uso unamwasha na kuchonyota kama amepakwa pilipili mpaka usiku, na kwamba kwake hiyo ndiyo alama ya dawa halali. Dawa isiyowasha aliihesabu feki. Ule muwasho ni pairethroidi inayosumbua mishipa ya fahamu kwenye ngozi yake, na alikuwa anauchukua kama mhuri wa ubora.

Kabla ya kusema usugu

Neno usugu limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Dawa ikishindwa tu, wadudu ni sugu. Lakini dawa inashindwa kwa sababu nyingi, na ukikosea sababu unakosea tiba. Tulizipitia pamoja, palepale kwenye matuta.

Kwanza, dawa feki au iliyopitwa na wakati. Chupa mbili za mwisho zilikuwa bado zina mabaki. Zote mbili zilikuwa na namba ya usajili, tarehe ya kuisha ilikuwa mbali, na mama alikumbuka kwamba alizifungua mwenyewe zikiwa na lakiri. Usajili wa viuatilifu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na kurithi kazi ya iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI. Namba kwenye chupa inasaidia, lakini haithibitishi kilichomo ndani. Nikaiweka sababu hii kiporo.

Pili, kipimo. Hapa hakukuwa na upungufu. Alianza na kifuniko kimoja kwa bomba la lita 16, akaja viwili, akaishia vitatu. Mara mbili alichanganya chupa mbili ndani ya bomba moja, zote za jamii moja, sawa na mtu anayeongeza chumvi juu ya chumvi akidhani ameongeza kiungo.

Tatu, je dawa ilikuwa inamfikia mdudu? Jani la kitunguu limesimama wima, ni la mviringo, na limepakwa nta. Tone kubwa likigonga linateleza chini kama maji kwenye jani la mgomba. Tulijaza bomba maji matupu, mama akapuliza tuta moja kama anavyopuliza siku zote. Ncha ya bomba lake ilikuwa imelika, inatoa matone makubwa kama ya mvua. Tukapanua shingo za miche kumi: saba zilikuwa kavu ndani. Kwa hiyo sehemu ya kushindwa kwake ilikuwa hapa, na nasisitiza jambo hili kwa kuwa watu hupenda kisa chenye mkosaji mmoja. Wakosaji walikuwa zaidi ya mmoja.

Nne, wageni wapya. Thripsi jike hutaga mayai ndani ya nyama ya jani, ambako dawa ya kugusa haifiki. Wakishamaliza kula kama tunutu hushuka kwenye udongo na kukaa huko siku kadhaa wakigeuka wakubwa, na huko nako dawa haifiki. Kwa hiyo hata dawa nzuri kabisa, siku ya tano au ya sita utaona wapya. Wakulima wengi wanaona hao wapya na kusema dawa haikuua. Ila mama alikuwa anawaona kesho yake asubuhi, na tunutu hawarukii kutoka shamba la jirani kwa usiku mmoja. Hawana mabawa.

Lililobaki ni kuwapima wadudu wenyewe.

Unyoya wa kuku na vikopo sita

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, walitengeneza kipimo cha usugu wa thripsi kwa kutumia vijichupa vidogo vya plastiki vilivyopakwa dawa kwa ndani, na shida yao ilikuwa kama yetu: mkulima anataka jibu kesho, hawezi kusubiri maabara. Sisi hatukuwa na vijichupa hivyo. Tulikuwa na vikopo vyeupe vya plastiki vinavyouzwa na mifuniko, jani la kitunguu lililooshwa vizuri, bomba la sindano la mililita 5 la kupimia, na unyoya wa kuku.

Unyoya ndio uliofanya kazi kubwa. Thripsi ni mlaini, ukimshika kwa kidole umemuua, na kipimo kimeharibika kabla hakijaanza. Ukimgusa kwa ncha ya unyoya anapanda mwenyewe. Mjukuu wa mama, mwanafunzi wa darasa la sita, aliliweza hili kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa nahesabu, yeye anahamisha.

Tulikata vipande vya jani urefu wa kidole. Kundi la kwanza tulichovya kwenye maji matupu. La pili kwenye lamda-saihalothrini, dawa ya ile chupa yake ya pili, kutoka chupa mpya aliyoinunua kwa ushauri wangu mbovu wa simu, kwa kipimo cha lebo. La tatu kwenye dawa ileile, mara nne ya kipimo cha lebo. Tukaacha vikauke kivulini, tukaweka kila kundi kwenye kikopo chake, tunutu 20 kila kikopo, tukafunika kwa kitambaa chepesi na kukaza kwa mpira. Vikopo vikalala uvunguni mwa kitanda, mahali penye ubaridi.

Baada ya saa 24: kwenye maji alikufa mmoja. Kwenye kipimo cha lebo walikufa watatu. Kwenye mara nne ya kipimo walikufa saba. Waliobaki, ukiwagusa kwa unyoya, wanakimbia.

Hapo bado mtu angesema, na mama alisema: "Basi dawa ni feki, si unaona?" Alikuwa na haki. Vikopo vitatu vile haviwezi kutofautisha dawa mbovu na mdudu sugu. Ili kutofautisha unahitaji mdudu ambaye hajawahi kuonja sumu.

Tuliwapata Ndanda. Kuna bibi mmoja, ndugu wa mama, anayepanda vitunguu vichache nyuma ya jiko kwa ajili ya majani tu, mahali maji yanaposhuka kutoka uwanda wa Makonde na ardhi haikauki mwaka mzima. Hajawahi kununua dawa ya kupuliza maishani. Vitunguu vyake vilikuwa na thripsi pia, wachache, wanaonekana wa aina ileile kwa macho. Tukachukua majani yake kwenye kopo lenye karatasi, tukarudi nayo kwa basi. Vikopo vitatu vingine. Maji, kipimo cha lebo, mara nne. Chupa ileile, majani yaliyochovywa kwa namna ileile.

Kesho yake, kwenye maji wote 20 walikuwa hai. Kwenye kipimo cha lebo walikuwa wamekufa 19. Kwenye mara nne hakubaki hata mmoja.

Mama alikaa kimya muda mrefu akiwa amekishika kile kikopo cha pili cha Ndanda. Kisha akasema, "Kumbe dawa inaua. Ni hawa wangu." Tulirudia kipimo chote siku iliyofuata kwa thripsi wengine wa bustanini kwake, na hali haikubadilika. Ni kipimo cha kijijini, wadudu 20 ni wachache na hakiwezi kukaa badala ya maabara. Lakini tofauti ya 3 na 19 kutoka chupa moja haihitaji mahesabu makubwa. Suala la dawa feki nililoliacha kiporo lilifungwa hapo.

Usugu ulivyoingia

Akaniuliza wamezoeaje. Nikamkumbusha klorokwini. Kila mtu wa umri wake anaikumbuka: ile iliyokuwa inaponya malaria, halafu ikawa mtu anameza dozi nzima na homa haishuki, mpaka 2001 serikali ikaiacha na kuweka dawa nyingine, SP, na baadaye nayo ikaachwa tukaja kwenye dawa mseto. Si kwamba vimelea vilijifunza. Miongoni mwao walikuwepo wachache waliozaliwa tofauti, dawa ikawaua wenzao, wao wakabaki na uwanja mtupu wa kuzaliana. Mbu nao wamefanya hivyo kwa vyandarua, na sumu ya vyandarua vingi ni pairethroidi hizihizi.

Ndani ya mwili wa mdudu, mishipa ya fahamu ina vijilango vinavyofunguka na kufunga ili kupitisha madini ya sodiamu, na hivyo ndivyo ujumbe unavyosafiri. Pairethroidi inakishika kijilango na kukizuia kisifunge. Mdudu anatetemeka, anapooza, anafa. Thripsi sugu anaweza kuwa na kijilango chenye umbo lililobadilika kidogo, sumu haishiki vizuri. Au anaweza kuwa na vimeng'enya vingi mwilini vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafika. Wengine wana vyote viwili. Ndiyo maana kuongeza kipimo mara nne kuliongeza vifo vinne tu kwenye kikopo.

Sasa angalia uzazi wake. Thripsi wa vitunguu katika sehemu nyingi za dunia ni majike matupu, wanazaa bila dume. Jike mmoja sugu anazaa mabinti wanaofanana naye, hakuna dume wa kuja kuchanganya damu na kuipunguza nguvu sifa ile. Kwenye joto la kiangazi chetu, yai mpaka mkubwa ni wiki mbili hadi tatu. Toka Juni mpaka Oktoba ni vizazi vitano, sita. Kila bomba analopuliza mama linachagua nani azae kizazi kinachofuata.

Jambo hili si geni duniani. Wakulima wa vitunguu wa jimbo la Ontario kule Kanada, wa New York, na wa New Zealand walikutana nalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa pairethroidi hizihizi, lamda-saihalothrini na deltamethrini. Wenzetu wana maabara na bado walichelewa kulijua.

Swali lililonisumbua zaidi ni wapi thripsi wa mama walichujwa hivi. Kupuliza mara 9 kwa msimu mmoja kunatosha kuharibu mambo, lakini chupa yake ya kwanza iliua vizuri na ya pili nusu. Mteremko huo ni wa haraka mno kwa mwezi mmoja, kama vile kazi ilikuwa imeanza kabla. Sehemu ya miche alinunua kwa mtu aliyeileta kutoka nje ya mkoa, na miche husafirisha thripsi na mayai yake vizuri sana. Hiyo ni njia moja.

Mimi naegemea njia nyingine, iliyo juu ya vichwa vyetu. Mikorosho. Juni mpaka Septemba ndio msimu wa kupulizia mikorosho hapa kusini. Tunapuliza salfa na dawa nyingine za ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na tunapuliza viuadudu dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, na lamda-saihalothrini imekuwa mojawapo ya sumu za kazi hiyo. Miezi hiyohiyo ndiyo ya bustani za mabondeni. Bomba la mashine linarusha wingu, wingu linatua kwenye majani na magugu yote ya chini, na thripsi huyu hachagui sana, anaishi kwenye mimea ya kila namna. Zaidi ya hapo kuna dawa inayobaki. Katika bonde lile, nilipouliza bustani sita za jirani, zote sita zimewahi kupulizwa mboga kwa dawa ya korosho iliyobaki. Hakuna anayemwaga dawa, ni pesa. Bwana mmoja mtu mzima alinijibu kwa upole, "Mjomba, mdudu ni mdudu." Nikachukua thripsi kwenye vitunguu vya jirani ambaye alisia mbegu mwenyewe na hakununua mche hata mmoja. Kwenye kikopo cha kipimo cha lebo walikufa wanne kati ya 20.

Hatuwezi kuacha kupuliza mikorosho. Korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba kwa mikoa hii miwili, na utafiti wake una nyumba yake Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Lakini tumezoea kuwaza korosho peke yake na mboga peke yake, kila moja na semina yake, wakati mdudu anaishi kwenye vyote viwili.

Tulichofanya

Pairethroidi zote zilisimama siku ileile. Urea nayo ikasimama. Mama alikuwa ameiongeza ili majani yarudi, na thripsi wanastawi kwenye jani lililonona naitrojeni.

Tulikata na kuchoma miche ya kingo mbili iliyokuwa imekwisha kabisa. Tukatandaza nyasi kavu katikati ya mistari, nene kiasi cha vidole vitatu. Matandazo ya namna hii hupunguza thripsi kwenye vitunguu, tena yanamhifadhia maji ya kubeba. Umwagiliaji tukaurudisha juu ya majani kwa keni, asubuhi mapema, kwa sababu maji yanayopiga kutoka juu yanawang'oa na kuwasomba. Kwa jani la kitunguu kuna hatari ya ukungu ukimwagilia jioni, ndiyo maana tukang'ang'ania asubuhi ili majani yakauke na jua.

Dawa tuliyochagua ni spinosadi. Ni ya jamii nyingine kabisa, inatokana na bakteria wa udongoni, na inagusa sehemu tofauti ya mishipa ya fahamu. Maduka mawili tuliyoenda hayakuwa nayo, ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja na basi. Kabla ya kupuliza bustani tuliipima kwenye vikopo: kipimo cha lebo, walikufa 18 kati ya 20. Tukanunua ncha mpya ya bomba yenye matone madogo, tukaongeza gundi ya dawa ili ishike kwenye nta, na tukapuliza jua likizama, kwa kuwa mikorosho ilikuwa imechanua na spinosadi ikiwa mbichi inaua nyuki. Mama alivaa barakoa, miwani na shati la mikono mirefu, na uso haukumwasha. Ilibidi nimhakikishie mara mbili kwamba dawa ipo kazini.

Siku ya saba tukarudia, ili kuwakamata waliokuwa mayai na waliokuwa udongoni. Baada ya hapo tukaacha. Wiki ya nne walipoanza kupanda tena karibu na watatu kwa jani, tulitumia abamektini mara moja, jamii ya tatu, na si spinosadi tena. Kishawishi cha kuendelea na iliyokubali ni kikubwa, na ndicho kilichotufikisha hapa. Kusini mwa Hispania, ndani ya mabanda ya plastiki, ndugu yake thripsi huyu anayeshambulia maua na pilipili amekwishakuwa sugu kwa spinosadi baada ya kupulizwa mfululizo. Dawa hiyo ikitufia, hakuna basi litakalotuletea nyingine kirahisi.

Alivuna magunia 9. Mwaka uliotangulia robo ekari ile ilimpa 14. Vitunguu vingi vilikuwa vidogo, vya kuuza kwa mafungu, na pesa ya chupa tano za mwanzo haikurudi. Sitaki kukipamba kisa hiki kuwa cha ushindi. Tulichookoa ni nusu ya pili ya msimu.

Kinachoniuma ni kwamba maarifa ambayo yangemwokoa yapo, na ni tarakimu moja tu. Duniani sumu zimepangwa kwa namba za makundi kufuatana na zinavyoua: pairethroidi ni 3A, profenofosi ni 1B, spinosadi ni 5, abamektini ni 6. Namba hiyo ingeandikwa kwenye kila chupa, kubwa, mbele, kama ulivyo ule utepe wa rangi, mama angejua kwa kutazama tu kwamba anahama kutoka 3 kwenda 3. Chupa zake tano, moja tu ilikuwa nayo, pembeni, ndogo kuliko punje ya ufuta. Muuzaji wa duka hakuwa mtu mbaya. Alimpa kilichokuwepo, na yeye mwenyewe alidhani jina jipya ni dawa mpya. Nilipomwonyesha, alitoa chupa zote za rafu yake akazipanga upya mezani, na rafu iliyoonekana na dawa kumi na kitu ikageuka kuwa na jamii tatu.

Kwa sasa natumia njia ya mkato ninayomfundisha yeyote mwenye kuweza kusoma herufi: tafuta jina la sumu kwenye maandishi madogo, na likiishia na herufi "thrin", ni familia moja, hata chupa ziwe za rangi saba. Haikamati zote, lakini ingekamata tano kati ya tano za mama. Mjukuu wake ndiye msomaji wa nyumba. Anasoma kila chupa inayoingia, hata ya kupulizia mende.

Wenye bustani sita na mama, wa saba, walikaa chini ya mwembe Oktoba baada ya mavuno. Wamekubaliana mambo matatu: dawa ya korosho haigusi vitunguu, anayepuliza mikorosho iliyo kingoni anawaambia wenye bustani siku moja kabla, na wote watatumia jamii moja ya dawa kwa mwezi mmoja, kisha wabadilishe pamoja, maana thripsi wanapeperushwa na upepo na mmoja akienda kinyume amewaharibia wote. La tatu lilibishaniwa sana na sidhani kama litashikwa na wote saba.

Kitalu cha msimu huu kimesiwa kwa mbegu, hakuna mche wa kununua. Bibi wa Ndanda ameombwa asipulize kitu chochote nyuma ya jiko lake, naye amecheka, akasema hajawahi na hataanza leo. Jumamosi naenda kuchukua majani yake tena, nikapitie na unyoya.